Samli Kabla ya Maji

Mwaka ule wa sabini na tano Maulidi iliangukia katikati ya masika, na bega la kulia la Mwanne lilikuwa limekufa tangu Ramadhani. Si kufa kwa kusema. Kanga alikuwa anajifunga kwa mkono mmoja, ncha ya pili ameibana ukutani kwa nyonga, na ikimponyoka anaanza upya. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushei, anakaa peke yake katika nyumba ya marehemu mumewe, Mabruki, mtaa wa Gongoni, Tabora mjini, na alikuwa amechoka. Amechoka kuamka, amechoka kuchota maji nusu ndoo nusu ndoo, amechoka kuulizwa na kila apitaye, "Vipi bega?" kama kwamba bega ndilo lenye nyumba na yeye mpangaji tu.

Lakini Maulidi haikuwa na habari na bega. Zilibaki siku kumi na mbili, na nyumba ya Mabruki ndiyo iliyokuwa ikitoa sinia la kwanza.

Mambo yalikuwa hivi. Kila mwaka Maulidi ya mtaa ilisomwa uani kwa Bi Mwanahawa. Wasomaji wakishamaliza, ubani ukishazungushwa na marashi yakishanyunyizwa, sinia la kwanza kuwekwa mkekani lilikuwa la visheti kutoka nyumba ya Mabruki. Likishatua hilo, ndipo yafuate mengine, ya kaimati, ya mkate wa kumimina, na ya halua kwa aliyejaliwa. Na visheti si kitu cha kutisha. Unakanda unga, unaukata vipande vidogo, kila kipande unakiviringisha juu ya meno ya uma mpaka kitoke na mistari kama kombe la pwani, unakaanga polepole, halafu unavigaragaza kwenye shira mpaka sukari ivikaukie. Mtu yeyote anaweza. Ila visheti vya nyumba ya Mabruki vikifika mdomoni vinavunjika vyenyewe, na vya nyumba nyingine vinataka kwanza uagane na meno yako. Hapo ndipo ilipokaa heshima yote ya nyumba ile, na Mwanne alikuwa ameibeba miaka na miaka.

Tena sinia lile lilikuwa na sharti lake. Lazima likaangwe na mwanamke wa nyumba. Si jirani, si shoga, si wa kuokota.

Bi Mwanahawa alikwisha kuja mara mbili kumjulia hali, na mara zote mbili alikaa kwenye kigoda kile kile na kusema maneno yale yale. "Mwenzangu, usijitese. Mwaka huu nitatoa mimi sinia la kwanza, wewe upumzike. Sukari yenyewe hii ya foleni, ngano tunaisikia redioni tu, na mkono wako ndio huo. Nani atakulaumu?"

"Nitatoa," Mwanne alimjibu.

"Kwa mkono upi, shoga?"

"Mkono upo."

Mwanahawa akacheka kidogo, akaaga. Alikuwa mtu mwema, lakini lile sinia alikuwa akilitamani tangu ujana wake, na Mwanne alijua kwamba likitoka mwaka mmoja halirudi tena. Mama mkwe wake, Bi Mwanajuma, Mungu amrehemu, alimwambia vivyo hivyo siku anayokata roho. Hakuulizia wajukuu, hakuulizia nyumba itakuwaje. Alimshika mkono akasema, "Sinia lisitoke."

Na mkono aliousema Mwanne ulikuwapo kweli. Ulikuwa mbali, kijijini Choma.

Mwanne alijaliwa mtoto mmoja aliyekua, Shomari, mwalimu wa shule. Shomari alioa binti wa wafugaji wa Choma, Ng'washi, msichana mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha kupima pima. Alisilimu, akaletwa Gongoni, akakaa na mama mkwe wake miaka minne kamili bila hata siku moja kupandisha sauti. Kisha watu walipoanza kuhamia vijiji vya ujamaa, Shomari akahamishiwa shule ya kijiji huko huko Choma, wakaondoka na mtoto wao. Sasa ulikuwa mwaka wa pili.

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo Mwanne hakupata kulisema kwa kiumbe. Ulaini wa visheti vile haukuwa dua wala mkono wa baraka, kama walivyodhani watu. Ilikuwa samli. Kabla maji hayajagusa unga, unachemsha samli mpaka itoe moshi, unaimwaga ndani ya unga mkavu, unausugua unga kwa viganja mpaka uwe kama mchanga. Basi. Samli kabla ya maji. Ukiitia samli baridi, au ukiitia baada ya maji, umekaanga kokoto.

Bi Mwanajuma alimficha Mwanne jambo hilo miaka kumi na moja. Alimfundisha yote, kuchekecha, kukata, kuviringisha, kupima moto, kuivisha shira, akambakizia hilo moja. Miaka kumi na moja Mwanne alikaanga kokoto na hakujua kwa nini. Alijilaumu mikono yake, akajilaumu nyota yake, akafika mahali pa kulia jikoni. Aliambiwa siku mama mkwe alipoona hapati nafuu tena. Ndivyo ilivyokuwa desturi yao wanawake wa nyumba zile za zamani. Mkamwana hupewa vyote ila kimoja, na hicho kimoja hukipata siku mwenye nacho anapojiona anakwenda zake.

Basi zamu ilipomfikia, Mwanne naye aliishika desturi kwa mikono miwili. Unga ukishachekechwa, samli ikikaribia jikoni, alikuwa anaita, "Ng'washi mwanangu, hebu kimbia kwa Bi Mwanahawa uniombee chumvi." Ng'washi akirudi na chumvi, unga umekwisha kusuguliwa na maji yamekwisha kutiwa. Na siku za Idi alimwachia bakuli lake akande mwenyewe. Vikiiva, Mwanne anaviweka kwenye sahani ya peke yake, anaipeleka mbele ya wageni na kusema kwa sauti, "Hivi vya mkamwana wangu! Mwenye meno ya kuazima asithubutu!" Watu walikuwa wanacheka mpaka machozi. Ng'washi naye alicheka, macho yako chini. Ulikuwa utani tu. Mwanne mwenyewe alitaniwa hivyo hivyo miaka kumi na moja, na hakufa.

Sasa aliwaza siku tatu nzima, akaamua. Angekwenda Choma, angemwambia Ng'washi ile siri, na angemrudisha mjini kwa wiki moja akaange sinia. Alijiona mkarimu kupita kiasi. Yeye alisubiri miaka kumi na moja. Ng'washi anapewa katika mwaka wa sita, tena na mwenye siri angali anapumua! Alifikiri hata namna atakavyolisema, kwa kunong'ona, wakiwa wawili tu, na namna Ng'washi atakavyopiga magoti kushukuru. Alimwomba jirani amfungie kanga vizuri, akafunga safari.

Alipanda lori la wachuuzi wa ng'ombe waendao mnadani, kwa njia ya Nzega. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila walipokwama abiria walishuka wakasukuma, na Mwanne alibaki juu peke yake, akishikilia mbao kwa mkono mzima, akiona haya kwa kutosukuma. Mvua ikinyesha wanafunikwa turubai lenye harufu ya ngozi mbichi. Siku ya kwanza ilikwisha hawajafika hata nusu ya njia.

Humo njiani, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, aliikumbuka hadithi ya Bi Mwanajuma. Visheti vililetwa Tabora na bibi yake Bi Mwanajuma, mwanamke aliyetoka Bagamoyo kwa miguu nyuma ya msafara, na sufuria kichwani, akimpikia mwenye msafara. Alifundishwa na bibi mmoja wa Kiarabu huko pwani, naye alimfundisha na kumbania. Yule Mwarabu akandapo alitia tui la nazi, akamwambia tu, "Tia tui." Hakumwambia kwamba huku bara hakuna mnazi hata mmoja! Mwanamke wa watu alifika Unyanyembe, hii Tabora ya leo, akatafuta nazi mpaka akakata tamaa, akatia maziwa. Baadaye akamfundisha mwenzake aliyeolewa Ujiji, naye akambania samli. Yule wa Ujiji akatia mawese, vikatoka vyekundu, na watu wa huko mpaka leo wanaapa kwamba kisheti cha kweli ni chekundu. Mke wa Mhindi mwenye duka naye aliwahi kuomba afundishwe. Kafundishwa, kabaniwa, akatia ufuta na binzari nyembamba zake, na Wahindi wenziwe wakavipenda.

Zamani Mwanne alipokuwa akisimuliwa habari hizo alikuwa anacheka. Sasa, kalowa chapachapa juu ya lori, hakuona cha kuchekesha. Aliona wanawake waliochoka tu, kila mmoja na unga wake usiokubali, anapapasa jikoni kutafuta kitu cha kuziba pengo aliloachiwa na mwenziwe. Visheti vimetembea Afrika nzima na pengo lao, alijisemea. Akajifariji kwamba yeye angalau anakwenda kuliziba la kwake.

Walifika Choma siku ya pili, mchana. Nyumba za kijiji zilikuwa zimepangwa mistari miwili kama wanafunzi paredi, nyingine hazijaezekwa bado. Lori lilisimama mbele ya banda la mabua ya mtama, penye kibao kilichoandikwa kwa chaki: MGAHAWA WA AKINA MAMA. Dereva aliruka chini kabla injini haijanyamaza vizuri.

"Hapa ndipo penyewe," aliwaambia abiria. "Kuna visheti hapa, wacha! Mimi sipiti Choma bila kufunga vya nyumbani."

Mwanne alidhani kasikia vibaya. Aliteremshwa, akanyoosha mgongo, akalisogelea lile banda.

Ndani walikuwamo wanawake wanane, na Ng'washi alikuwa katikati yao na kitambaa kichwani. Mbele yao palikuwa na karai la unga wa kahawia, mtama mwingi na ngano ya kunusia tu. Mama mmoja mnene, ambaye Mwanne hajapata kumwona maishani, aliinua sufuria jikoni. Sufuria ilikuwa inatoa moshi. Akaimwaga samli ndani ya unga mkavu, unga ukalia shaaa, na wenziwe wawili wakaingiza mikono kuusugua huku wanaimba kwa Kisukuma. Maji yalikuwa bado mtungini. Pembeni, mzee mmoja mchunga ng'ombe alikuwa anachovya visheti kwenye kibuyu cha maziwa ya mgando, anatafuna na macho kayafumba.

Kitu alichokibeba Mwanne siku mbili kwenye tope, kitu alicholilia miaka kumi na moja, kilikuwa kinamwagwa mchana kweupe mbele ya madereva.

Ng'washi alimwona. Alitupa mwiko, akatoka mbio, akapiga magoti pale pale topeni.

"Shikamoo mama! Mama, umekujaje na hali hii?"

"Marahaba," alisema Mwanne. "Nani kawafundisha wale?"

"Mimi, mama. Karibu ndani, ukae kwanza."

"Na wewe, nani kakufundisha?"

Ng'washi aliinuka taratibu. Akamshika mkono mzima, akampeleka nyuma ya banda penye benchi, mbali na watu, akamkalisha na kumletea maji ya kunywa. Alisubiri anywe ndipo akasema, "Wewe, mama."

"Hilo mimi sikukufundisha."

"Hukunifundisha, kweli. Ulinituma chumvi. Sikukuu ya kwanza ulinituma chumvi na chumvi ilikuwapo kwenye rafu, nikasema labda mama hakuiona. Ya pili ukanituma chumvi tena. Nikapita uchochoroni, nikarudi upesi, nikasimama nje ya jiko. Sikuona kitu, nilinusa tu. Mama, mimi nimekulia kwenye samli. Samli mnayotumia Tabora ilikuwa inatoka huku kwetu kwa vibuyu. Samli iliyotoa moshi naijua hata nikiwa usingizini."

"Kumbe mwaka wa kwanza!"

"Mwaka wa kwanza ule ule."

"Na vile vigumu? Vile vya siku za Idi, nilivyokuwa..." Mwanne hakuimaliza.

"Nilivifanya vigumu kusudi. Ningevitoa laini mbele ya wageni ungejua nimechungulia, ungeona haya. Nikaona afadhali wanicheke mimi."

Mwanne alitazama kikombe mkononi mwake. Uso ulimwaka moto wa aibu, aibu ya mtu mzima, ile isiyo na pa kuipeleka. Aliziona zile sahani alizokuwa akizipeleka mbele ya watu, na yule msichana mrefu anayecheka macho chini. Miaka minne!

"Si ungeniambia, mwanangu."

"Nikuambie nini, mama? Kwamba nimekuona unanificha? Wewe ni mama wa mume wangu. Nilisubiri uniambie mwenyewe. Mwaka wa kwanza nikasema, mimi bado mgeni. Wa pili nikajifungua, nikasema sasa nimekuwa wa nyumba, ataniambia. Wa tatu nikasubiri vile vile. Wa nne nikaacha kusubiri."

Hakuyasema kwa hasira. Angeyasema kwa hasira Mwanne angejua la kujibu, maana ugomvi wa wakwe una maneno yake na yote alikuwa nayo. Aliyasema kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani, na hilo ndilo lililomvunja Mwanne nguvu. Alilia, akajifuta kwa kanga kwa ule mkono mmoja, na Ng'washi akamsaidia kufuta upande wa pili.

"Ndilo nililokuja kukuambia," Mwanne alisema baadaye.

"Najua, mama. Ahsante."

"Na nilikuja kukuchukua. Maulidi Jumanne ijayo. Sinia halina mtu. Mkono wangu ndio huu unaouona, na Mwanahawa amekwisha kaa mkao wa kula."

Ng'washi alichukua kikombe mkononi mwa Mwanne. Upande wa pili wa banda wanawake walikuwa wanacheka jambo.

"Kesho ni zamu yangu ya palizi shamba la kijiji," alisema. "Shomari yuko Nzega kwenye semina, mtoto sina wa kumwachia. Hayo ndiyo ningekuambia kama ningetaka kukudanganya. Lakini hata kama ningekuwa na nafasi, mama, nisingekuja. Jiko lile siwezi kuingia tena. Utakuja wewe hapa, utakaa utakavyo, nitakuosha, nitakupikia. Jiko lile, hapana."

"Basi sinia limetoka," alisema Mwanne, zaidi kwa Bi Mwanajuma kuliko kwa mkamwana wake.

"Halitoki." Ng'washi aliingia bandani, akarudi na debe la mafuta lililosafishwa, limejaa visheti mpaka juu. "Chukua hivi. Ni vya mtama na asali, sukari tumeikosa tangu mwaka jana. Havifanani na vyenu. Lakini nimevikaanga mimi, na mimi ni mwanamke wa nyumba ya Mabruki, watu wapende wasipende."

Mwanne alikaa Choma siku tatu. Aliogeshwa, bega likakandwa kwa maji ya moto na samli, akalala kama alivyokuwa hajalala tangu Ramadhani. Siku ya kuondoka wale wanawake wanane walimpandisha lorini, na yule mama mnene akamshukuru kwa kuwafundisha visheti. Mwanne akashindwa kumtazama usoni.

Njia nzima ya kurudi alikuwa na neno moja tu. Atalisema. Mbele ya watu wale wale waliocheka, uani pale pale, atasema kazi ni ya Ng'washi, na siri ataitoa yote ibaki hadharani. Deni lile hakulijua namna nyingine ya kulilipa. Aliogopa, maana alijua wanawake wa Gongoni, lakini alipiga moyo konde.

Jumanne ikafika. Ua wa Mwanahawa ulijaa, Maulidi ikasomwa, ubani ukazungushwa. Sinia la kwanza likatua mkekani, na minong'ono ikaanza, maana visheti vilikuwa vya kahawia iliyokolea, vinang'aa kwa asali. Mwanahawa alikuwa wa kwanza kuchukua. Alikitazama kwa huruma, akakitia mdomoni, akaacha kutafuna.

"Lo! Wenzangu! Hebu onjeni."

Mikono ikaingia sinia zima. Watu wakatafuna na kutazamana. Mwanne alisimama, ameegemea nguzo.

"Sikukaanga mimi," alisema. "Amekaanga mkamwana wangu, Ng'washi."

"Ng'washi yupi?" aliuliza Mwanahawa.

"Mke wa Shomari. Wa Choma."

"Ng'washi wa meno ya kuazima?" Mwanahawa alipiga makofi kwa furaha, na ua mzima ukaangua kicheko. "Mwanne, mcheshi wewe! Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukituletea sahani yake? Mimi jino langu hili la huku liliondoka na Idi ya mwaka wa sabini na moja!"

"Alikuwa anavifanya vigumu makusudi," Mwanne alisema, na wakati anayasema akasikia jinsi yanavyosikika. Walizidi kucheka. Mmoja alilala ubavu mkekani akishika mbavu. "Nisikilizeni, jamani. Anajua kuliko mimi. Nilimficha mimi. Ni samli. Unaichemsha mpaka itoe moshi, unaimwaga kwenye unga mkavu kabla ya maji. Samli kabla ya maji. Hakuna zaidi."

Hapo kicheko kilipungua. Wanawake wakamtazama, na nyuso zao zikawa za watu wanaojuana.

"Ehe," alisema Mwanahawa, sauti kaishusha. "Na ulichobakiza?"

"Sikubakiza kitu."

"Shoga, sisi si watoto."

"Wallahi sikubakiza kitu, Mwanahawa! Ndiyo hiyo tu!"

Mwanahawa alimpigapiga goti kwa mapenzi ya kweli. "Bi Mwanajuma, Mungu amweke pema, alikufunda ukafundika. Mkono mmoja umekufa, na bado hutoi. Haya, sinia ni lako, hatuligusi tena mpaka ufe." Akawageukia wenziwe, na papo hapo wakaanza kukisia. Mmoja alisema ni kungumanga. Mwingine akaapa kaonja magadi. Wa tatu akasema yeye atakwenda kujaribu na yai, na maji ya mchele kidogo, ataona.

Mwanne aliketi. Alikuwa amelipata lile lililompeleka Choma, sinia lilibaki katika nyumba ya Mabruki, tena kwa sifa ambayo Bi Mwanajuma hakuipata. Bega lilikuwa linamuuma mpaka shingoni.

"Ni Ng'washi," alisema tena. "Mke wa Shomari."

Lakini kaimati zilikuwa zimeanza kugawiwa, na hakuna aliyegeuka.